Siku tatu baada ya nne mtungi: nilichokiona kwa Serengeti Girls kule India

Juzi mdogo wangu wa kidato cha pili kanitumia voisi ya sekunde kumi hivi, timu yao ya shule imefungwa nne kwenye mashindano ya shule, sauti imekauka kwa kulia, anauliza "dada, ukishafungwa hivi, kesho yake unaamkaje?" Nikabaki na simu mkononi muda mrefu maana hilo swali mi nililijua, nilishaliuliza mwenyewe nikiwa mbali na nyumbani, Oktoba ya 2022, na waliolijibu walikua watoto wa miaka kumi na sita kumi na saba ambao hata hawajui kama nipo duniani. Kwaiyo nimeona niandike yote kwa urefu, ye atasoma, na mwingine kama linamhusu asome.

Mwaka ule nilikua Pune, India, mwaka wa pili wa famasi. Watanzania tuko wengi tu pale na tunajuana, mtu akipika ugali wa kweli jengo zima linajua. India ndo walikua wenyeji wa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, yale mashindano yalianza 2008 kule New Zealand, India walikua wayaandae 2020 yakafutwa kwa ajili ya korona wakapewa ya 2022. Timu 16, makundi manne, wawili wa juu wanaenda robo fainali. Na sisi tulikuepo, timu yetu ya taifa ya umri huo, Serengeti Girls! Sijui kama watu wanakumbuka uzito wake. Tulienda Yaoundé tukawapiga Cameroon 4-1 kwao, wakaja Amaan Zanzibar tarehe 5 Juni tukawamalizia 1-0, na ile ndo ikawa timu ya kwanza ya taifa ya Tanzania kwenda Kombe la Dunia la FIFA la mpira wa miguu. Miaka yote tunawasubiri kaka zao, wakaenda wasichana.

Alafu katikati ya Agosti FIFA wakaifungia India kwa mambo ya uongozi wa chama chao cha mpira, mashindano yakawa yananing'inia, mi nilikua nafungua simu kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso kuangalia kama wamefunguliwa. Wakafunguliwa tarehe 26. Nililia jamani, nalia peke yangu kwenye ngazi za hosteli.

Ila lazima niseme kwa nini nilikua nalia ovyo vile. Mimi nimecheza. Nilikua winga wa kulia shuleni, nimefika mpaka timu ya wilaya, na kidato cha tatu nikaacha kwa sababu mama alisema mpira utanivunja miguu alafu nani ataniuguza, na mi sikubishana, nikaweka daluga kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati na zikakaa mpaka panya wakazila. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba Julai ya mwaka ule ule matokeo yalitoka nikawa nimefeli somo moja, kemia ya oganiki, nyumbani tunasema sup wao pale wanaita bakilogi. Baba yangu aliuza kiwanja kunilipia ile safari. Kiwanja alichokua anasema atajenga vyumba viwili vya kupangisha akistaafu. Kwaiyo kila Jumapili anapiga, "mama, masomo yanaendaje," najibu yanaenda vizuri baba, na baada ya kukata simu nakaa kama nusu saa siwezi kufanya kitu chochote. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Mtu asikudanganye kwamba siri ya namna ile inazoeleka.

Sasa ratiba. Sisi tulikua Kundi D na Japan, Ufaransa na Canada, mechi mbili za kwanza Goa, mji wa Margao. Tukafungua grupu la WhatsApp la safari, mechi ya Ufaransa ilikua Jumamosi kwaiyo watu wanaweza kusafiri Ijumaa usiku, wakajiandikisha kumi na nne.

Jumatano tarehe 12 tukakusanyika kwa kaka mmoja aliyekua amepanga nje ya hosteli, tukaunganisha laptop, wengine wamekaa kitandani wengine chini, tukawaangalia Japan. Nne bila. Na sio tu magoli, ni vile wale wa Japan walivyokua wanagongeana pasi fupi fupi mpira hautoki, wetu wanakimbia wanafika mpira umeshaondoka, ukishacheza unajua ile hali, miguu inachoka kwa sababu kichwa kimechoka kwanza. Goli la nne lilipoingia hakuna aliyeongea pale chumbani, kaka mwenye nyumba akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikua visafi.

Usiku ule kwenye grupu watu wakaanza kujitoa, mmoja ana asaimenti, mwingine hela haijatumwa, mwingine kanyamaza tu. Tukabaki wanne. Na kwenye magrupu ya nyumbani, wenyewe mnajua watu wanavyoandika, kuna mtu niliyesoma naye akaandika "wameenda kutalii", na ile kauli iliniuma kuliko magoli yenyewe. Waliokua uwanjani ni watoto waliozaliwa 2005 kuja huku, mi wa 2002 nilikua nawaona kama wadogo zangu kabisa. Unamwandikia hivo mtoto wa watu ambaye wewe kwa umri wake ulikua unaogopa hata kusimama mbele ya darasa?

Nikarudi hosteli nikamkuta rumeti wangu. Ye anatoka Odisha, mji mkuu wao ndo Bhubaneswar ambako India walikua wanacheza, na jana yake tarehe 11 timu yao ilikua imefungwa na Marekani nane bila. Nane, nyumbani kwao, mechi ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia katika historia ya wasichana wao. Akanitazama usoni akajua, hakuuliza, akanimegea chapati yake tukala kimya. Baadae kabla ya kuzima taa akaniambia wanacheza tena keshokutwa. Nikasema na sisi Jumamosi. Akasema basi.

Hili ndo jambo ambalo nilikua sijawahi kulifikiria nikiwa mchezaji wala mtazamaji, kwamba kwenye hatua ya makundi unapewa siku tatu. Umepigwa Jumatano dunia nzima inaona, Jumamosi jina lako linaitwa tena uingie. Hakuna wiki ya kujifungia, na ukifika mchezo haukuulizi kama umepona. Mi nilikua na mwezi wa nne nimejifungia kwa ajili ya somo moja.

Ijumaa usiku tukapanda basi pale stendi ya Swargate, yale ya kulala, vitanda juu na chini, mi nikapata cha juu nyuma kabisa. Mpaka Kolhapur ni sawa, barabara nzuri, tukashuka tukanywa chai ile yao ya tangawizi kwenye vikombe vidogo. Baada ya pale ndo zikaanza kona za kushuka milimani kuelekea pwani, dada mmoja kati yetu alitapika mpaka tukamwonea huruma, tunampokezana mfuko na maji, na kila akiinua kichwa anauliza "tumefika?" Asubuhi nikafungua pazia nikaona minazi. Minazi na udongo mwekundu na nyumba za vigae na joto lile la kunata, na harufu ya samaki sokoni, nikasema hii ni Tanga au nini. Mchana tulikula wali na samaki wa nazi, wanaweka kitu kichachu kidogo na pilipili nyingi ila msingi wake ni ule ule, tui ni tui. Goa ni watu wa mpira pia, sehemu nyingi za India ni kriketi tu lakini pale vijana wanapiga chenga kwenye viwanja vya kanisa.

Nje ya uwanja, wenyeji wanauita Fatorda, tukiwa tumejifunga bendera, akaja mzee mmoja wa Kigoa na fimbo yake anatembea pole pole, akasimama mbele yetu akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "mmetoka bara au Unguja?" Tulibaki mdomo wazi. Shikamoo mzee. "Marahaba wanangu." Kumbe kazaliwa Tanga, kasomea Dar, wakahama akiwa kijana miaka ya sabini, anatuuliza kama Upanga bado kuna miti. Kaja na mjukuu wake wa kike kama miaka tisa hivi. Akasema Jumatano pia alikuja. Nikamuuliza alijisikiaje na yale manne, akajibu, "nilikaa mpaka mwisho, ukishakaa na watu wako unakaa mpaka mwisho." Akatununulia karanga za kuchemsha akaenda kutafuta siti yake.

Uwanjani hatukua wengi. Wanne sisi, Watanzania wengine wachache waliotoka kwingine, waliobaki ni wenyeji na watoto wa shule waliovaa yunifomu. Mi macho yalikua kwenye kupasha misuli. Nilitaka kuona nyuso. Nilitegemea kuona watu waliovunjika, sijui kwa nini, labda nilitaka kumwona mwenzangu. Na sikumwona. Kulikua na mmoja anamfunga mwenzake nywele vizuri, wawili wanasukumana wanacheka, kipa anapigiwa mipira anadaka anarudisha anadaka anarudisha. Sio kwamba walikua wamesahau, hapana, wimbo wa taifa ulipopigwa walishikana mabega kwa nguvu mpaka jezi zimejikunja. Walikua wanajua kabisa kilichotokea. Na wamekuja kazini.

Diana Mnali akafunga mapema kipindi cha kwanza. Naandika hivi kwa utulivu lakini siku ile mi sijui nilipiga kelele gani, yule dada aliyetapika njia nzima ndo aliyenibeba. Tunaongoza. Ufaransa! Kipindi cha pili ikaja penati, Christer Bahera akaenda kuupanga mpira, na pale mi nikageuka nikatazama ukuta kwa sababu nilishawahi kukosa penati wilayani mbele ya shule nzima na najua ule umbali wa hatua kumi na mbili ulivyo mrefu, nikasikia tu wenzangu wamelipuka nikajua imeingia. Mbili bila. Alafu Ufaransa wakarudisha moja, na zile dakika za mwisho sitaki hata kuzielezea, wanakuja wanakuja, beki zetu zinaondoa tu popote, nikawa nahesabu kwa sauti kama mwendawazimu. Mpira ukaisha 2-1. Wakaanguka chini wote, na safari hii hawakua wanalia kwa uchungu.

Na yule mtu wa "wameenda kutalii" aliweka bendera kwenye stetasi usiku ule. Sikumjibu kitu, nilifurahi naye.

Tulipotoka nje, wenzangu wanaimba, mi nikasogea pembeni kwenye ukuta nikampigia baba. Kwao ilikua bado mapema, tumewazidi masaa mawili na nusu. Nikamwambia tumeshinda, akasema ameona, anacheka. Nikasema baba nilifeli somo moja Julai. Hivo hivo, bila kupanga, kama nisingesema muda ule nisingesema tena. Akanyamaza. Nikasikia redio kwa nyuma yake. Akauliza, "marudio lini?" Desemba. "Yanalipiwa?" Ndio, kidogo. "Utanitumia kiasi chake." Alafu akanyamaza tena, na ndipo akasema kitu ambacho mpaka leo kinanirudia, "mama, toka Julai umekaa na hilo peke yako, kwa nini?" Hakua na hasira hata kidogo. Bora angefoka. Nililia pale ukutani kuliko nilivyolia siku zote za nyuma, watoto wa yunifomu wanapita wananishangaa, wanadhani nalia kwa furaha ya mechi, mmoja akanipungia mkono.

Sasa isije ikaonekana kwamba siku tatu zinaleta ushindi. Rumeti wangu ndo aliyenifundisha hilo. India baada ya nane wakacheza na Morocco wakafungwa tatu, na tarehe 17 wakacheza na Brazil, wameshatolewa, hawana hata goli moja, nikamkuta mezani kaweka simu imeegemea chupa ya maji, anaangalia. Nikakaa naye. Goli la kwanza, la pili, la tatu. Nikamwambia tukale mesi inafungwa, akasema nenda mi nakuja. Nikabaki. Tano bila ikaisha. Mechi tatu, wamefungwa kumi na sita, hawajafunga hata moja, na ye aliziangalia zote mpaka filimbi, kisha akafungua daftari lake la famakolojia akaanza kusoma. Sikumuuliza anajisikiaje. Nilimfuata tu, nikatoa madaftari yangu ya oganiki niliyoyaficha chini ya godoro toka Julai, nikakaa mkabala naye. Akaona yale madaftari ni ya mwaka wa kwanza, akaelewa, akasema mi ile ripoti ya matokeo niliiona mezani kwako siku nyingi, nilikua nasubiri uniambie. Alinisaidia karibu kila usiku baada ya pale, na Desemba nikafanya nikapita, maksi za kawaida tu.

Kesho yake wetu wakacheza na Canada, moja moja, Veronica Mapunda ndo aliyesawazisha, na sare ile ikatosha, tukawa na pointi nne, wa pili nyuma ya Japan, robo fainali. Robo fainali ya Kombe la Dunia! Ilikua Jumamosi tarehe 22, Margao tena, na mi sikwenda. Diwali ilikua Jumatatu yake, India nzima inarudi kwao, tiketi za basi zilipanda mpaka hazishikiki. Nikaiangalia mechi nikiwa hosteli, imebaki tupu, ukorido mzima taa tatu. Colombia walikua na Linda Caicedo, ambaye Julai tu pale alikua mchezaji bora wa Copa América ya wanawake wakubwa, kombe la Amerika Kusini, na walituzidi kweli, 3-0. Colombia wale wakaenda mpaka fainali wakafungwa na Hispania 1-0. Usiku ule tuliotolewa nilipata usingizi vizuri, na ndo ninachotaka mdogo wangu akisikie, nililala. Nilikua nimeumia, nikampigia baba tukaongelea mechi dakika ishirini, akalaumu beki, nikamtetea beki, nikalala.

Miaka miwili baadae Kenya nao wakaenda, Dominican Republic 2024, timu yao ya kwanza ya taifa kufika Kombe la Dunia la FIFA. Wakafungwa na England mbili, wakafungwa na Korea Kaskazini tatu, na rafiki yangu mmoja wa Eldoret akaniandikia kwamba amezima simu hataki kuona watu. Nikamwandikia bado wana Mexico, washa simu. Akawasha. 2-1 Kenya. Alinipigia anapiga kelele sikuelewa neno hata moja. Na Korea waliowafunga ndo walibeba kombe.

Sasa hivi yale mashindano wameyaongeza, ni kila mwaka na timu 24, toka 2025 kule Morocco. Nafasi zimekua nyingi kwa watoto wetu, mi nayafuatilia yote.

Mdogo wangu nilimjibu kwa voisi ndefu mpaka bando likaisha katikati. Nikamuuliza mechi nyingine lini, akasema kesho saa kumi. Nikamuuliza nani yuko na wewe hapo, akasema mama, kasafiri na timu kama mlezi, anawapikia uji. Mama yangu! Yule yule wa utavunjika miguu. Akachukua simu akasema, "zile daluga ulizomtumia zinambana kidogo vidoleni, nimemwambia avae soksi nyembamba, ukipata tena chukua namba moja juu." Nimeshaandika kwenye daftari, namba tano.